Viwavi wakubwa wenye pembe kwenye viazi vitamu: ni wadudu gani, na je, ni lazima nipulizie dawa?

MkulimaSengerema aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Nina shamba la viazi vitamu lisilofika ekari mbili hapa Sengerema, mkoani Mwanza, na sehemu yake iliyo karibu na kisima nimeitenga kwa ajili ya matembele ninayopeleka sokoni. Mimea iliyo kwenye matuta ya viazi imepita kidogo umri wa miezi miwili, na ile ya matembele huchumwa kila wiki.

Tangu mvua zilipokolea nimekuwa nikikuta viwavi wakubwa kuliko wote niliowahi kuwaona, wengine wanene kama kidole gumba, wenye pembe moja iliyopinda mwishoni mwa mwili. Baadhi ni wa kijani kibichi wenye mistari ya mshazari ubavuni, na wengine ni wa kahawia inayokaribia weusi, hata sijui kama ni wadudu wa aina moja au mbili. Katika kona moja ya shamba wamekula majani yote yakabaki mashina matupu, na hayo yametokea kwa muda mfupi mno, kwa sababu nilipita pale siku chache kabla na sikuona dalili yoyote ya kunitia wasiwasi.

Jirani yangu analima pamba, na amenishauri nitumie dawa iliyombakia msimu uliopita nipulizie shamba zima pamoja na matembele. Nasita. Naomba anayewafahamu wadudu hawa anieleze wanatoka wapi kwa ghafla namna hii, kama pembe hiyo ina sumu (maana watoto hunisaidia kuchuma), na kama viazi vyangu vitapona. Jambo jingine ni kwamba jioni nondo wakubwa wa kijivu huja kuzunguka taa ya sola iliyo barazani. Je, wana uhusiano wowote na viwavi hao?

BwanaShambaMstaafu alijibu:

Ndugu mkulima, maelezo yako yanatosha kumtambua mdudu huyu hata bila picha. Huyo ni kiwavi wa nondo anayeitwa kitaalamu *Agrius convolvuli*, wa jamii ya Sphingidae, na kuna uwezekano mkubwa kwamba nondo wanaoizunguka taa yako ndio wazazi wake. Ukimkamata mmoja, mtazame tumboni: kila upande ana mabaka ya waridi yaliyopishana na meusi, na katikati ya mgongo umepita mkanda wa kijivu. Mabawa yakikunjuliwa yana upana wa sentimita 8 hadi 12. Viwavi wa kijani na wa kahawia ni wa aina moja, kwani rangi zao hutofautiana sana. Pembe haina sumu wala haichomi, na watoto wanaweza kuwashika bila hofu. Akibughudhiwa, kiwavi hujipinda kwa nguvu na kutapika majimaji ya kijani, lakini hayo ni majani aliyokwisha kuyala, basi.

Umesema wametokea kwa ghafla, na naona hilo ndilo jambo la kulielewa kabla ya mengine yote. Jike huruka jioni na usiku akitafuta mimea ya jamii ya viazi vitamu, iliyopandwa na ya porini, na hutaga yai moja hapa na jingine kule, asiyarundike mahali pamoja. Yai ni la mviringo, upana wake unazidi kidogo milimita 1, na huanguliwa baada ya siku chache. Kiwavi anayetoka humo ni mdogo sana, pembe yake ikiwa ndefu kupita kiasi ukiilinganisha na mwili, na kazi yake ya mwanzo ni kutoboa vitundu ambavyo mkulima hawezi kuvitilia maanani. Kwa muda wa wiki tatu hadi nne hupitia hatua tano, akijivua ngozi kati ya hatua moja na nyingine, na katika hatua hiyo ya tano, anapofikia urefu wa sentimita 9 au zaidi, ndipo anapokula sehemu kubwa kabisa ya chakula cha maisha yake yote ya kiwavi. Kwa hiyo walikuwapo shambani mwako siku ile ulipopita bila kuona kitu. Na ukiwakuta wakubwa kiasi hicho, wengi wao wamebakiza siku chache tu za kula kabla ya kuingia ardhini, hivyo dawa inayopulizwa wakati huo huja baada ya hasara kutokea.

Akishiba huteremka, huchimba kwenye udongo kwa kina cha sentimita kadhaa na kugeuka pupa wa rangi ya kahawia nyekundu. Pupa huyu humkosei hata mara moja, kwa kuwa upande wa mbele ana kitu kilichopinda na kutokeza nje kama mpini wa jagi. Hiyo ni ala ya mrija wa kunyonyea wa nondo anayeumbika ndani, mrija ambao ni mrefu kuliko mwili wake na haungeweza kulala wote chini ya ngozi ya pupa. Katika joto la kanda yetu nondo hutoka baada ya wiki mbili au tatu, na udongo ukiwa baridi huchelewa zaidi. Vizazi kadhaa hupatikana kwa mwaka pale ambapo majani mabichi hayakosekani.

Sasa nije kwenye viazi vyenyewe. Kiazi kitamu ni mmea unaovumilia kupoteza majani kuliko mazao mengi tunayoyalima. Mmea wenye umri wa miezi miwili na zaidi, wenye mizizi iliyoshika na unyevu wa kutosha, huchipua majani mapya haraka, na kona moja iliyoliwa haiwezi kukunyima mavuno ya shamba zima. Hatari ya kweli ipo katika wiki za mwanzo baada ya kupanda marando, kwa sababu wakati huo mmea una majani machache na viazi bado havijaanza kujijenga. Ningekuwa mimi, ningewahofia zaidi fukusi wa viazi, *Cylas puncticollis* na *Cylas brunneus*, ambao hupenya kwenye nyufa za udongo wakati wa ukavu na kukifanya kiazi kuwa kichungu hata kikiwa na matundu machache. Hapa ndipo kiwavi anapoweza kuchangia madhara kwa njia ya kuzunguka, kwa kuwa majani yakiisha jua hupiga tuta moja kwa moja, udongo hukauka na kupasuka, na fukusi akapata njia. Pandishia udongo kwenye ile kona iliyoliwa.

Kuhusu ushauri wa jirani yako, nakuomba kwa dhati usiufuate. Dawa ya pamba imepimwa kwa zao ambalo watu hawali majani yake, ilhali matembele unayachuma kila wiki na kuyapeleka kwenye sufuria za watu. Dawa za namna hiyo huua pia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nondo huyu, na inzi wa jamii ya Tachinidae ambao funza wao humla kiwavi kutoka ndani, pamoja na wadudu wanaowala inzi weupe. Inzi weupe wakiongezeka unajitafutia balaa jingine, kwa sababu wao ndio waenezaji wa kimojawapo cha virusi viwili ambavyo vikikutana kwenye mmea mmoja huleta ule ugonjwa wa kudumaa na kujikunja kwa majani, ambao huharibu viazi kuliko kiwavi yeyote.

Nyar Kabondo alijibu:

Nawasalimu kutoka Kabondo, Kaunti ya Homa Bay, ambako viazi vitamu ndivyo vinavyosomesha watoto wetu. Mzee ameeleza vizuri, nami nitaongeza jambo la vitendo tu. Usimtafute kiwavi kwa kuangalia majani, kwa kuwa amefanana nayo mno na mara nyingi hujificha upande wa chini au karibu na shina. Tafuta kinyesi chake. Kiwavi mkubwa huacha punje nene na nyeusi juu ya majani na kwenye udongo, na punje zikiwa mbichi, inua macho palepale juu yake, utamwona. Sisi hupita asubuhi na mapema au jioni tukiwa na ndoo, tunawaokota kwa mkono na kuwapa kuku. Kwa shamba lisilofika ekari mbili kazi hiyo haimshindi mtu, mradi ianze wakati viwavi wangali wadogo na isiachwe kwa wiki nzima.

Jambo la pili ni taa. Kwetu wapo wanaotundika taa juu ya beseni la maji yenye sabuni ili nondo watumbukie. Mwenye taa ya sola anaweza kulijaribu hilo bila gharama kubwa.

Mwalimu wa Baiolojia alijibu:

Nimesoma majibu yote mawili kwa furaha, na ningependa kutofautiana na dada yetu wa Kabondo katika hilo la taa, kwa heshima kamili.

Taa huvuta nondo wa kila aina, madume kwa majike, na majike wengi huwa wamekwisha kutaga kabla ya kuifikia. Zaidi ya hapo, nondo huyu ni mruka mbali wa ajabu. Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeanzisha majina ya kitaalamu ya viumbe, alimwandika mwaka 1758 kwa vielelezo vya Ulaya, ilhali majira ya baridi ya kaskazini mwa bara hilo hawezi kuyahimili, na anaonekana huko kila mwaka kwa sababu huhamia kutoka kusini, Afrika ikiwemo, na wengine hufika hadi Iceland. Anapatikana pia Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki. Mdudu wa namna hiyo hawezi kumalizwa na beseni moja, kwa kuwa usiku unaofuata watakuja wengine kutoka mbali. Wanaovamia shamba mvua zikianza si lazima wawe wamezaliwa katika shamba hilo.

Sababu yangu kubwa, hata hivyo, ni mpapai. Mipapai mingi ya wakulima wadogo ni ya jinsia mbili tofauti, mipapai dume na mipapai jike, na chavua haina budi kusafiri kutoka mti mmoja hadi mwingine. Maua yake ni meupe, hunukia usiku, na lile la dume lina mrija mwembamba wenye maji matamu chini kabisa. Nondo wa jamii ya Sphingidae huelea hewani mbele ya ua bila kutua, huuteremsha mrija wake, hunywa, kisha huenda kwa ua linalofuata. Ua jike halina kinywaji chochote. Nondo hulitembelea kwa kukosea, akidhani ni dume, na katika kukosea huko papai hupatikana. Dino Martins na Steven Johnson waliuchunguza uchavushaji wa mipapai nchini Kenya, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 2009 walionyesha kwamba ubora wa mapori ya asili na umbali wake kutoka shambani vinaathiri kazi ya nondo hawa kwenye mipapai. *Agrius convolvuli* ni miongoni mwa nondo wa jamii hiyo ambao mrija wao unafaa kwa maua marefu ya usiku, na yapo maua ya porini, yakiwemo okidi zenye mirija mirefu, ambayo mdudu mwenye ulimi mfupi hawezi kuyafikia kamwe.

Ndiyo maana naona ni haki kumwondoa kiwavi kwenye tuta la viazi, mahali anapoleta hasara, na kumwacha nondo aliye hewani afanye kazi yake. Dada MkulimaSengerema, kama una mipapai nyumbani, izimishe taa ya barazani mapema wakati inapochanua.

Mfuga Nyuki Sikonge alijibu:

Naomba kuuliza ndani ya mada hii hii. Huku Sikonge tunamfahamu nondo mkubwa anayeingia ndani ya mizinga usiku kula asali, na ukimshika hulia kwa sauti kali inayosikika vizuri. Je, huyo ndiye huyu wa viazi? Maana kama ndiye, sisi wafuga nyuki hatuna sababu ya kumhurumia.

Mwalimu wa Baiolojia alijibu:

Ndugu yangu wa Sikonge, huyo ni ndugu wa jamii moja lakini ni aina nyingine, *Acherontia atropos*. Mtazame mgongoni, nyuma ya kichwa: ana alama inayofanana na fuvu la mtu, na mabawa yake ya nyuma pamoja na tumbo yana rangi ya manjano. Ulimi wake ni mfupi na mnene, wenye nguvu ya kutoboa vifuniko vya masega, na hiyo ni tofauti kubwa na mrija mrefu na mwembamba wa yule wa viazi, ambao haungeweza kufanya kazi hiyo. Sauti unayoisikia huitoa kwa kusukuma hewa kupitia koo. Ngozi yake ina kemikali zinazofanana na za nyuki wenyewe, jambo linalomsaidia kupita ndani ya mzinga bila kushambuliwa mara moja.

Viwavi wake nao wana pembe, ila yao ina vipele na imepinda mara mbili, wakati ya kiwavi wa viazi vitamu ni laini na imeinama upande mmoja. Utawakuta hasa kwenye mimea ya jamii ya nyanya, yaani viazi mviringo, nyanya, bilinganya na tumbaku. Kwa mizinga yako, kundi la nyuki lenye nguvu hujilinda lenyewe, na mlango ukipunguzwa ukabaki mwembamba unaotosha nyuki pekee, nondo mwenye mwili mnene kiasi hicho hatapita.

Mkulima wa Muleba alijibu:

Huku Kagera viwavi wanaotusumbua kwenye viazi vitamu ni wadogo, wana miiba mwili mzima, na hukaa kwa makundi ndani ya utando wakiwa wachanga. Je, hao nao hugeuka nondo hawa?

BwanaShambaMstaafu alijibu:

Hapana, ndugu yangu. Hao ni watoto wa kipepeo wa mchana, *Acraea acerata*, anayejulikana vizuri pia Uganda, Rwanda na Burundi. Kwa kuwa hutaga mayai mengi mahali pamoja, wewe una nafasi ambayo mwenzako wa Sengerema hana: chuma majani yenye utando na uyateketeze kabla viwavi hawajatawanyika, na utakuwa umeondoa kundi zima kwa mkono mmoja.

Mwalimu, nakushukuru kwa habari ya mpapai. Katika miaka yangu ya ugani tuliwafundisha wakulima kuutazama mdudu kupitia zao moja kwa wakati mmoja, na naona somo lako linastahili kuingizwa katika mafunzo ya mabwana shamba.

MkulimaSengerema aliandika:

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Nimeifuata njia ya kinyesi na imenisaidia kuwapata viwavi ambao nisingewaona kamwe. Wakubwa nimewaokota, na ile kona naona imeanza kuchipua. Kwenye tuta la matembele, hata hivyo, bado naona vitundu vidogo vingi na viwavi wachanga ambao kuwaokota mmoja mmoja ni kazi ngumu, na matembele yenye matundu wateja huyakataa. Je, ipo dawa ninayoweza kuitumia pale bila kuwadhuru walaji? Na baada ya kuvuna viazi nifanye nini ili msimu ujao wasizidi?

BwanaShambaMstaafu alijibu:

Kwa matembele peke yake, na kwa viwavi wachanga peke yao, unaweza kuomba kwenye duka la pembejeo dawa yenye bakteria aitwaye *Bacillus thuringiensis*, iliyosajiliwa kutumika kwenye mboga. Haiui kwa kumgusa mdudu. Lazima kiwavi aile pamoja na jani, ndipo sumu ya bakteria iharibu utumbo wake, na huacha kula saa chache baadaye ingawa kufa kwake huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo usikate tamaa ukimwona angali hai kesho yake. Pulizia jioni, kwa sababu jua huiharibu, na hakikisha inafika upande wa chini wa majani. Kwa viwavi waliokwisha kunenepa haina nguvu ya kutosha, na hao uendelee kuwaokota. Soma kibandiko ujue siku za kusubiri kabla ya kuchuma, na uyaoshe matembele kwa maji safi kama unavyoosha siku zote.

Baada ya kuvuna, lima shamba mapema, usiliache limelala na marando yaliyobaki. Jembe litawafukua pupa walio karibu na uso wa udongo, na kuku, korongo na jua watafanya yaliyosalia. Viazi pori na mimea mingine ya jamii hiyo inayotambaa kwenye mipaka ya shamba ing'oe pale unapotaka kupanda upya, kwa kuwa hapo ndipo kizazi kinachofuata hujilea wakati shamba lako likiwa tupu. Usiing'oe yote hadi porini, kwani haihitajiki na haina faida. Ukishapanda marando mapya, wiki sita za kwanza ndizo za kukagua kwa bidii, mara mbili kwa wiki, ukigeuza majani machache katika kila tuta kutafuta mayai na vitundu vidogo. Mimea ikishafunika tuta unaweza kupunguza, ukabaki na tuta la matembele pekee, ambalo halina msimu wa kupumzika kwa sababu kila unapochuma majani mapya hutoka, na jike la nondo huyapenda hayo machanga kama wateja wako wanavyoyapenda.

Kama michembe ya mwaka jana bado ipo ghalani, ikague nayo. Huyu wa pembe hana habari na viazi vikavu, lakini wadudu wa ghala hawasubiri msimu.